Kabla ya mashine, tuijue korosho yetu inavyopasuka

Kila minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, mjadala wa kusini mwa Tanzania hurudi pale pale: kwa nini korosho ya Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa na Nachingwea inapanda meli na ganda lake, ikabanguliwe Vietnam na India, halafu ajira na faida zibaki huko huko? Safari hii mjadala una nguvu kuliko zamani. Serikali imesema wazi inataka korosho yote ibanguliwe hapa nchini, vyama vikuu vya ushirika vimeanza kuingia kwenye ubanguaji, na mtu akisimama kwenye mkutano wa AMCOS, chama cha ushirika cha msingi cha wakulima, kuzungumzia kiwanda anasikilizwa mpaka amalize. Nafurahia jambo hili kwa moyo wote. Ila naona tumelishika upande mmoja tu. Tunalizungumza kama suala la mtaji, umeme na mashine, basi. Ninachosema mimi ni kwamba kubangua korosho, kabla ya kuwa biashara, ni swali la mekanika: kitu kigumu kinapasuka kwa nguvu kiasi gani, ufa unaanzia wapi, na ukishaanza unakwenda kuishia wapi. Katika mikutano yote ya viwanda niliyohudhuria Mtwara na Lindi, swali hilo sijasikia likiulizwa hata mara moja. Tusipoliuliza, tutajenga viwanda vizuri vya kuzalisha vipande.

Chukua korosho moja kavu, ipasue kwa urefu kwa kisu kikali, itazame kwenye mwanga wa dirisha. Ganda lina unene wa milimita 3 hivi, lakini si kitu kimoja. Nje kuna ngozi laini inayonepa kidogo, mithili ya ngozi ya kiatu. Ndani kabisa kuna ukuta mwembamba na mgumu. Katikati ya hizo mbili kuna matundu matundu kama sega la nyuki, yamejaa mafuta mazito yanayobabua mkono. Ukishavuka ukuta huo ndipo unaikuta karanga, yaani kiini kinacholiwa, imejikunja kama figo, imevaa ngozi nyembamba ya kahawia, na yenyewe ni nusu mbili zilizolaliana, zinaachana kwa msukumo mdogo tu. Kazi ya mbanguaji basi ni hii: aupasue ukuta wa nje mpaka ufunguke, na ufa ule usimame kabla haujagusa kitu kilicho ndani, ambacho ni dhaifu kuliko ukuta wenyewe. Jiwe la kokoto ukilipasua vibaya hupotezi kitu. Hapa kilicho dhaifu ndicho chenye thamani, na kimefungwa ndani ya kilicho imara.

Unyevu ndio unaoamua mambo mengi. Korosho hupikwa kwa mvuke, kisha huachwa ipoe mpaka kesho yake. Joto na kupoa kule hulikausha ganda likawa la kuvunjika ghafla, kama glasi, badala ya kunepa. Na karanga ndani husinyaa kidogo ikaachia nafasi kati yake na ukuta. Nafasi ile, ambayo kwa macho huioni vizuri, ndiyo inayompa mbanguaji ahueni: ufa ukifika pale unakosa kitu cha kuendelea nacho. Korosho ikipikwa pungufu, ganda linanepa na kisu kinazama mpaka kwenye karanga. Ikipikwa kupita kiasi, karanga inabadilika rangi na kushuka daraja. Baada ya kubanguliwa, karanga huingizwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 70 hivi kwa saa kadhaa ili ngozi ya kahawia iachie, na hapo unyevu wake hushuka mpaka asilimia chache tu. Sasa karanga nayo imekuwa kavu, na ile ile iliyovumilia kisu asubuhi inaweza kuachana nusu mbili kwa kuangushwa tu kwenye meza. Kitu hicho hicho, saa tofauti, tabia tofauti. Mwenye kiwanda asiyeujua mstari huu wa unyevu kwa namba atakuwa anabahatisha tangu boila mpaka kwenye katoni.

Tuihesabu hasara hiyo kwa shilingi. Ubora wa korosho ghafi hupimwa kwa paundi za karanga zinazopatikana katika gunia la kilo 80. Tuseme gunia linatoa paundi 50. Hizo ni kilo 22.7 hivi. Karanga hizo huuzwa duniani kwa madaraja: W240, W320 na mengineyo, ambapo herufi W inahusu karanga nyeupe nzima na namba inahusu karanga ngapi zinaingia katika paundi moja. Iliyoachana nusu mbili ina daraja lake la chini, kipande kikubwa lake, kipande kidogo lake, na kila ngazi bei inashuka. Sasa tuchukue kiwanda cha kubangua tani 10,000 kwa mwaka. Hayo ni magunia 125,000, na karanga yake ni tani zipatazo 2,800. Tofauti ya asilimia 10 tu katika kiwango cha nzima, mathalani 75 badala ya 85, maana yake ni kwamba tani 280 na zaidi zimetoka kwenye bei ya nzima zikaenda kwenye bei ya vipande. Mkulima ni yule yule, gunia ni lile lile, umeme ni ule ule uliolipiwa. Kilichobadilika ni ufa ulivyokwenda.

Tumewahi kupita njia hii. Miaka ya 1970 nchi ilijenga viwanda 12 vya korosho, vingi vyake huku kusini, vikiwemo vilivyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa mashine za Italia na Japani. Simulizi tunayoirithisha watoto wetu ni kwamba viwanda vilikufa kwa kukosa korosho, na ni kweli kwa sehemu kubwa. Msimu wa 1973/74 tulivuna tani 145,000. Kufikia 1986/87 tulikuwa chini ya 20,000. Watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei haikumtia mtu hamu ya kupalilia, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukaingia kwenye maua. Kiwanda gani kingepona hapo? Lakini simulizi hiyo inafunika jambo la pili. Mashine za wakati ule zilivunja karanga nyingi kuliko mikono ya wabanguaji wa India, kwa hiyo hata gunia lililopatikana lilileta fedha kidogo kuliko ambavyo lingeleta ng'ambo ya bahari. Tulijifunza kupulizia salfa, tukajifunza kubebesha mikorosho vikonyo vya miti bora, tukapanda upya, na msimu wa 2017/18 mavuno yakapita tani 300,000. Upande wa mti tulifanya utafiti na ukazaa matunda. Upande wa ganda hatukufanya hivyo, na sasa tunarudi kwenye mlango ule ule.

Elimu ya mipasuko ina umri wa karne moja hivi, na haikuanza na mazao. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith, aliyekuwa akishughulika na ndege, aliuliza kwa nini glasi inavunjika kwa nguvu ndogo mno kuliko ile inayopaswa kuishikilia kwa hesabu. Jibu lake lilikuwa kwamba kila kitu kina nyufa ndogo tangu mwanzo. Kinachoamua kama kitavunjika ni ukubwa wa ufa uliomo, pamoja na kama nguvu iliyohifadhiwa ndani ya kitu inatosha kulipia uso mpya unaofunguka. Miaka ya 1950 Mmarekani George Irwin akaigeuza fikra hiyo kuwa hesabu ambayo mhandisi anaweza kuitumia kazini. Kati yao, Msweden Waloddi Weibull alileta jambo ambalo kwa korosho ni kubwa pengine kuliko yote: mwaka 1939 alionyesha kwamba kwa vitu vinavyovunjika ghafla, wastani haukuambii mengi. Ukivunja vipande 100 vinavyofanana, utapata nguvu 100 tofauti, na mtawanyiko ule wenyewe ni tabia ya kitu, una sura yake na unapimika. Fundi wa tofali analijua jambo hili kwa mkono wake. Tofali za tanuru moja, udongo mmoja, siku moja: nyingine inalia ukiigonga, nyingine inabomoka.

Wapo watakaosema nakwepa tatizo lenyewe, kwamba kinachoua ubanguaji ni fedha. Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Msimu wa kuuza ni miezi michache. Mbanguaji anayetaka kufanya kazi mwaka mzima lazima anunue korosho ya mwaka mzima ndani ya miezi hiyo, ailipie mnadani, kisha akae nayo ghalani akilipa riba ya benki huku akiuza karanga kidogo kidogo. Anayenunua kupeleka ng'ambo ana mtaji wa bei nafuu na anapakia meli akaondoka. Hapo hakuna mekanika itakayomsaidia mtu asiye na mtaji. Lakini hoja hii, ukiifuata mpaka mwisho, inaipa nguvu hoja yangu. Mwenye fedha ya bei ghali ndiye asiyeweza kumudu kuvunja. Mwenye mtaji nafuu anaweza kuvumilia asilimia kadhaa za vipande na bado akabaki na faida. Yule wa Mtwara anayekopa kwa riba yetu, asilimia hizo ndizo faida yake yote. Kwa hiyo mbanguaji wetu anahitaji kuijua korosho kuliko mshindani wake, kwa sababu hana pa kujificha.

Wengine wanasema tubaki na mikono. Kati ya hoja zote hii ndiyo ninayoiheshimu zaidi, kwa sababu nimeiona ikifanya kazi. Niliwahi kukaa nusu siku na kikundi cha akina mama wabanguaji kando ya mji wa Mtwara. Mama mmoja alikuwa na meza ya kanyagio: mguu unabana, visu viwili vyenye umbo la nusu korosho vinakutana, mkono unazungusha mpini, ganda linafunguka. Vidole vyake alivipaka mafuta kwanza, na bado vilikuwa na madoa meusi mpaka kwenye viganja. Hakuitazama korosho. Aliichukua, akaizungusha kwa kidole gumba mpaka mgongo ukakaa upande wake, akasita kidogo, ndipo akakanyaga. Mara moja moja aliiweka moja pembeni bila kuibana. Nikamwuliza, "Shikamoo mama, hizo mbona unazitenga?" Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Hizi zimelala na unyevu. Ukizibana leo zinakupa unga." Nikaanza kuhesabu za kwake, karibu zote zilitoka nzima. Mama yule, kwa kidole gumba, alikuwa anapima ukubwa, upande wa kubana na unyevu, vitu vitatu ambavyo maabara ingehitaji vyombo vitatu kuvipima. Hoja ya mikono kwa hiyo ni ya kweli. Ila mikono ile inaungua, malipo ya siku ni madogo, na mavuno ya mikoa miwili hayawezi kupita kwenye meza za kanyagio peke yake. Ninalochukua kwake ni kwamba maarifa ya kutokuvunja yapo hapa hapa kwetu. Yamo kwenye kidole, hayajaandikwa, na siku akistaafu yanaondoka naye.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosikika zaidi mikutanoni, ni kwamba tununue mashine za kisasa na mambo yatakwisha. Mashine za Vietnam zipo, zinafanya kazi usiku na mchana, vipeperushi vyake vina asilimia za kuvutia. Kwa nini tuhangaike? Tuichunguze. Kuna mashine zinazofanya kazi kwa kurusha: korosho inazungushwa, inarushwa kwenye ukuta wa chuma, na mgongano unapasua ganda. Ili zifanye kazi vizuri, korosho lazima zichambuliwe kwanza katika makundi manne mpaka sita ya ukubwa, na kila kundi lina kasi yake; kwa utaratibu huo nzima hufika asilimia 75 hivi. Kwa nini makundi? Nguvu ya mgongano hukua kwa uzito, na kwa kasi mara kasi. Ongeza kasi kwa sehemu 1 kati ya 10, mgongano unazidi kwa zaidi ya sehemu 1 kati ya 5. Na korosho ikiizidi mwenzake kwa sehemu 1 kati ya 10 kwa urefu, upana na unene, uzito wake unazidi kwa karibu theluthi. Korosho hizo mbili ukiziweka kwenye gunia hutaziona tofauti yake. Ukizirusha kwa kasi moja, moja inapasuka ganda na ya pili inapasuka mpaka karanga. Mashine za visu nazo zina nafasi kati ya visu iliyopangwa kwa milimita, na korosho iliyo pungufu ya nafasi hiyo inapita bila kufunguka, iliyozidi inakatwa na kilichomo.

Sasa tujiulize korosho yetu ni ipi. Wataalamu wa kituo cha Naliendele cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, hapo nje ya mji wa Mtwara, wametoa aina zaidi ya 50 za mikorosho, na shamba la mzee wa Kitangari lina aina hizo, pamoja na mikorosho ya babu yake iliyoota kwa mbegu isiyojulikana, na yote inaangushia kwenye ardhi moja, inaokotwa kwenye ndoo moja, inaingia gunia moja. Gunia hilo ghalani linakutana na mengine ya kata nzima. Korosho ya tambarare ya juu ya Wamakonde imekaukia kwenye upepo mkavu, ya mwambao wa Lindi imekaukia karibu na bahari. Weibull angeiangalia ghala ile akasema mtawanyiko wake ni mpana sana. Mashine iliyopangwa kwa korosho iliyopimwa kiwandani kwa aliyeitengeneza, ikiletewa mtawanyiko huu, haina kosa ikivunja, imefanya ilichoambiwa. Na hapa ndipo mfano wa Vietnam unapotumiwa vibaya. Nchi ile iliipita India kwa kuuza karanga nje mwaka 2006, na mashine nyingi ilizokuja kuzitumia zilitengenezwa na mafundi wake wenyewe, waliokaa nazo viwandani wakazirekebisha mwaka baada ya mwaka kwa korosho walizokuwa nazo mkononi. Sisi tunataka kununua mashine bila kununua miaka ile ya kuirekebisha. Miaka hiyo haiuzwi.

Vijana wetu wasomi wana jibu jingine, nami nalipenda kwa sababu lina ari. Wanasema zama za kuvunja vitu maabara zimepitwa. Sasa unavunja ndani ya kompyuta. Wana msingi. Tangu miaka ya 1950 na 1960 wahandisi wamekuwa wakikigawa kitu katika vipande vidogo vidogo, wakiviita elementi, kisha kompyuta inakokotoa mkazo wa kila kipande. Leo programu za kufanya hivyo, nyingine za bure kabisa, zinaingia kwenye kompyuta ya mkononi ya mwanafunzi. Mwaka 1979 Peter Cundall na Otto Strack walionyesha namna ya kukokotoa punje nyingi zinazogongana, njia ambayo sasa hutumika kwa nafaka, mchanga na vidonge, na kwa korosho zinazorushwa ingefaa vilevile. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 pia kuna njia za kuufuata ufa unavyojichagulia njia ndani ya kitu bila mhandisi kuuelekeza. Na toka 2019 hivi watafiti wengi wameanza kuifunza mitandao ya akili bandia sheria za fizikia, ili itoe kwa sekunde majibu ambayo zamani yalichukua saa nyingi. Watu wanauona wepesi huu wanadhani maabara sasa ni anasa. Mimi nauona wepesi ule ule nadhani kinyume chake. Kukokotoa kulipokuwa ghali, kisingizio chetu kilikuwa kukosa kompyuta. Sasa kompyuta tunayo, na kitu pekee kilichobaki kukosekana ni namba za kuiingizia: ganda la korosho ya Newala lenye unyevu wa asilimia 8 linabeba mkazo kiasi gani, linanepa kiasi gani kabla ya kupasuka, na karanga yake je? Namba hizo haziwezi kutoka ndani ya programu. Zinatoka kwenye korosho iliyobanwa mpaka ikalia.

Sisi wa pwani ya gesi tunapaswa kuyakumbuka yaliyotokea Norway tarehe 23 Agosti 1991. Msingi mkubwa wa zege wa jukwaa la gesi la Sleipner A ulikuwa unazamishwa kwa majaribio karibu na Stavanger, ukuta wa sehemu moja ukapasuka, maji yakaingia, na jengo zima likaenda chini. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 700. Uchunguzi ulikuta kwamba mahesabu ya kompyuta, kwa kugawa sehemu ile katika elementi chache na zisizokaa vizuri, yalipunguza mkazo wa kukata kwa asilimia 47, na chuma kilichowekwa ndani ya zege hakikutosha. Jambo linalonigusa ni lililofuata. Wahandisi wakarudia hesabu kwa uangalifu, wakapata kwamba ukuta ungepasuka kwenye kina cha mita 62. Ulikuwa umepasuka kwenye mita 65. Hesabu ile ile, ikifanywa na mtu aliyekwisha kuona kitu chenyewe kinavyovunjika na kujua pa kuangalia, ilikaribia ukweli namna hiyo. Programu haikuwa adui. Ilikosa mtu wa kuihoji kabla zege halijamwagwa.

Kama haya ni kweli, mpango wa viwanda unabadilika katika mambo kadhaa, na la kwanza ni manunuzi. Leo chama au mwekezaji akinunua mashine, anasoma kwenye mkataba uwezo wa tani kwa siku, matumizi ya umeme na muda wa dhamana. Kinachotakiwa kuandikwa ni asilimia ya nzima kwa korosho iliyochukuliwa kwenye maghala yetu, yenye ukubwa uliopimwa na unyevu uliopimwa, ikibanguliwa mbele ya mnunuzi. Muuzaji makini hatalikataa hilo. Lakini ili uandike sharti hilo lazima uwe na vipimo vya korosho yako, la sivyo mtabishana juu ya nani aliharibu: mashine au korosho. Jambo la pili ni Naliendele. Kituo kile kimejengwa na wataalamu wa mimea, na kazi yao ndiyo iliyorudisha zao hili. Aina mpya ya mkorosho huchaguliwa kwa mavuno, kwa kustahimili ubwiriunga, kwa ukubwa wa karanga. Naomba iongezwe safu moja kwenye daftari lile: namna ganda lake linavyopasuka. Mti unaoishi miongo kadhaa ukipandwa leo bila kipimo hicho, tumewachagulia wajukuu ganda bila kulijua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi ya kilimo mkoani Lindi. Natamani wahandisi wa mekanika wakae kwenye korido moja na hao wa kilimo tangu siku ya kwanza, siyo waje baadaye kwa semina. Na karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, vyuo vya ufundi stadi, ambako vijana wanajua kuchomelea na kuchonga visu, zipewe namba hizo ziwe kitu cha kufanyia kazi. Kijana wa VETA akiambiwa visu viachane kwa milimita ngapi kwa korosho ya kundi gani, atavitengeneza. Akiambiwa tu atengeneze mashine ya korosho, ataiga ile aliyoiona.

Gharama ya haya si ya kutisha. Sizungumzii jengo la ghorofa lenye jina la mtu. Nazungumzia mashine moja ndogo ya kubana inayoandika nguvu na mwendo, mizani, kifaa cha kupimia unene, kipima unyevu, tanuri dogo, na vijana wawili watatu wenye subira ya kubana korosho 100 kwa siku kwa upande, kwa mgongo na kwa tumbo, na kuandika kila moja, hata ile iliyowaudhi kwa kutoka tofauti na wenzake. Hasa hiyo. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, yabandikwe mahali ambapo mbanguaji mdogo wa Mikindani na kiwanda kikubwa watayasoma sawa.

Na sampuli tayari tunazo. Kila msimu, kabla ya mnada, mkaguzi huchota kilo moja kutoka kwenye magunia ghalani, anahesabu korosho zilizomo, kisha anazikata moja moja katikati ili aone karanga njema ni ngapi, mbovu ni ngapi, zilizosinyaa ni ngapi. Kilo moja ni korosho kama 180 au 200. Ghala hadi ghala, wilaya hadi wilaya, maelfu ya korosho hukatwa kila mwaka, kila moja ikiwa na jina la AMCOS iliyotoka na tarehe yake. Zikishakatwa zinaandikwa namba moja ya ubora, na maganda yanafagiliwa. Achote kilo ya pili. Hiyo asiikate, aifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, aandike ghala na tarehe, aipeleke kwenye hiyo mashine ndogo ya kubana kabla unyevu wake haujabadilika. Na mama yule wa meza ya kanyagio aitwe, alipwe siku yake, azipange kwa kidole gumba zile atakazozibangua leo na zile atakazozitenga, kisha tuzibane zote tuone mashine inasema nini.